Mwiba Tunaowaachia Wengine

Wazee wetu walisema mengi juu ya mwiba. Walisema mdharau mwiba mguu huota tende, wakitufundisha kwamba jambo dogo lisiposhughulikiwa mapema huzaa kubwa. Wakasema pia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, yaani aliyejitakia madhara asitafute wa kumlilia. Methali hizi mbili nilizifundisha kwa miaka mingi chuoni, na walimu wanafunzi wangu walizieleza vizuri katika mitihani yao. Lakini katika umri huu wa miaka sabini na kitu nimejikuta nikiuliza swali ambalo methali hizo hazilijibu. Je, mwiba uliomdunga mwenzako, nawe ndiwe uliyeuacha njiani bila kukusudia, ni wa nani? Nani aambiwe pole, na nani aulizwe?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Lilinijia shambani kwangu, katika vilima vya Ngara nilikorudi baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, na lilipitia katika kiganja cha mtu mwingine.

Mama watoto wangu ana ugonjwa wa kisukari. Alianza kwa vidonge mwaka 2011, na mwaka 2014 daktari akamwandikia insulini ya kujidunga asubuhi na jioni. Tulijifunza mambo mengi kwa haraka. Tulijifunza kupima dozi, kubadilisha mahali pa kudunga, na kuitunza chupa ya dawa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi umeme unapokatika. Mambo yote yaliyohusu dawa kabla haijaingia mwilini tuliyajua na kuyazingatia. Jambo moja tu hatukuliuliza, nalo ni hili: sindano ikishatoka mwilini inakwenda wapi?

Mimi nilifundisha hesabu kabla ya kuwa mkuu wa chuo, kwa hiyo sina udhuru. Sindano mbili kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka. Hata sisi ambao kwa ajili ya bei tulikuwa tukiitumia sindano moja mara tatu, jambo ambalo wataalamu hawalishauri, tulikuwa tukibakiwa na sindano zaidi ya 240 kila mwaka. Kwa miaka minne ni karibu elfu moja. Nyingine tulizitumbukiza chooni. Nyingi zilitoka na takataka za jikoni, pamoja na maganda ya ndizi na majivu, zikaenda kwenye shimo la taka lililo mpakani mwa shamba letu na la jirani. Kila anayeijua Kagera anajua kazi ya shimo la namna hiyo. Likijaa huachwa liive, kisha huchimbuliwa, na mboji yake ikapelekwa migombani. Kwetu takataka haifi. Hugeuka kuwa chakula. Ndiyo sababu sindano iliyotupwa shimoni haijatupwa, bali imewekewa mtu.

Nilionywa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 binti wa kaka yangu, anayeishi Uingereza, alinipigia simu kutujulia hali. Katika mazungumzo akaniambia kwamba paka wake amepatikana na kisukari, na kwamba naye, kama mama yake mdogo, sasa anadunga insulini mara mbili kwa siku. Nilicheka mpaka simu ikataka kuniponyoka. Paka! Kisha kicheko kikageuka hasira kidogo, kwa maana nilikumbuka watoto wa wilaya zetu hizi ambao zamani walikauka na kufa kwa ugonjwa huo kabla hata ya jina lake kutajwa nyumbani kwao. Binti akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Baba mdogo, nami nilicheka. Lakini daktari wa wanyama alinipa kisanduku cha manjano, kigumu, chenye mfuniko. Sindano zote za paka nazitia humo, kikijaa nakirudisha kwake. Nikafikiri, je, za mama mdogo mnazitia wapi?"

Nilimjibu kwamba kwetu mambo ni tofauti, tuna nafasi ya kutosha na tuna shimo. Nikabadilisha mazungumzo.

Miezi michache baadaye niliajiri kibarua wa kuchimbua shimo lile. Alikuwa kijana kutoka ng'ambo, Burundi, mmoja wa wale wengi wanaovuka kuja kutafuta kazi za shamba upande wetu. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana bila mkalimani. Alikuwa hodari na mchangamfu. Siku ya pili ya kazi nilimwona amesimama, anakitazama kiganja chake. Nilipofika nikaona tone la damu, na mguuni pake, katikati ya mboji, sindano ndogo yenye kifuniko cha rangi ya chungwa kando yake. "Mzee, ni mwiba tu," akasema, akaufuta mkono kwenye suruali na kushika jembe tena.

Nami, msomaji mpendwa, nikaitikia. Nilisema, "Pole, kijana wangu," nikamletea maji na sabuni, nikamwongezea fedha kidogo siku ile, nikanyamaza. Nilijua ule si mwiba. Nilijua pia kwamba yeye hajui.

Usiku mke wangu akaniuliza, "Yule kijana mkono wake umefanya nini?" Nikamwambia amechomwa na mwiba. Akakaa kimya kidogo. "Mwiba gani ulio shimoni kwetu, Mwalimu?"

Asubuhi nilimpeleka kijana kituo cha afya. Mhudumu alitupokea vizuri, akauliza maswali matatu: amechomwa lini, amechomwa na sindano ya namna gani, na damu iliyokuwamo ni ya nani. La kwanza na la pili niliyajibu. La tatu lilinishinda. Ningependa kusema ni ya mke wangu, lakini shimo lile halikuwa letu peke yetu. Jirani naye hutupa humo, na yeye ana ng'ombe anaowadunga dawa, na wako waliofika kwake usiku na malaria wakadungwa. Mhudumu akaeleza kwamba kijana aanze mara moja dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo hufaa zikianzwa ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28, na kwamba ingesaidia pia kama mwenye sindano zilizo nyingi shimoni angekubali kupimwa.

Nilirudi nyumbani nikizungukazunguka. Nimeishi na mwanamke huyu zaidi ya miaka arobaini; namna gani nitamwambia akapimwe kwa ajili ya kiganja cha kibarua? Nilipomweleza hatimaye, alikwisha vaa kanga ya kutokea. "Ulikuwa unaogopa kuniuliza mimi," akasema, "au ulikuwa unaogopa watu wajue sindano ni zetu?" Tukaenda. Alipimwa, akaonekana mzima, na mimi nikapimwa pamoja naye. Kijana alimeza dawa zake siku zote 28. Zilimsumbua tumbo, na kuna siku hakuweza kufanya kazi. Kipimo cha wiki ya sita kilionyesha yu salama. Kabla ya kile cha mwezi wa tatu alipata habari ya msiba kwao, akavuka mpaka, wala hakurudi. Kwa hiyo mpaka leo ninapoandika haya sijui mwisho wa habari yake. Ninadhani yu mzima. Kudhani ndiko kulikonifikisha pale tangu mwanzo.

Sasa nataka kuzipima zile sababu nilizojitetea nazo usiku ule, kwa maana naamini si zangu peke yangu.

Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba sikukusudia. Ni kweli kabisa. Lakini hebu tutazame yaliyotokea Yambuku, kijiji kilicho kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, mwaka 1976. Palikuwa na hospitali ya misheni iliyoendeshwa na masista kutoka Ubelgiji, watu walioacha kwao ili wawahudumie wengine. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa nje, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola ulipoingia hospitalini hapo, sindano zile zikawa ndiyo njia yake. Waliougua katika mlipuko ule walihesabiwa 318, na waliokufa 280. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali, 11 walifariki, masista wakiwamo. Hakuna mwenye akili atakayesema masista wale walikuwa na nia mbaya. Walitoa maisha yao. Lakini nia njema haikuisafisha hata sindano moja. Kwa hakika nia ni ya moyoni, na madhara ni ya mwilini, na mwili wa mwenzako hauulizi moyo wako ulikuwa na nini.

Je, hii ina maana kwamba asiyekusudia na aliyekusudia ni sawa? La hasha. Aliyekusudia ana hatia ya uovu, na asiyekusudia ana hatia ya kutojali, kama alikuwa na uwezo wa kujua. Hapo ndipo penye mzani. Masista wa Yambuku walifanya kazi mahali pasipo vifaa, na ugonjwa wenyewe haukuwa umejulikana duniani. Mimi nilikuwa nimeulizwa kwa simu, kwa Kiswahili fasaha, sindano mnazitia wapi.

Sababu ya pili ilikuwa kwamba shimo lipo nyumbani kwangu, na mtu ana haki ya kufanya atakalo kwake. Hoja hii ni kongwe, na jibu lake ni kongwe pia. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, inamtaka mtu aliyechimba shimo asilifunike amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo. Haiulizi kama alimchukia yule punda. Waislamu nao wamefundishwa kwamba kuondoa kitu chenye madhara njiani ni tawi mojawapo la imani, ingawa aliyekiondoa hakukiweka yeye. Ikiwa kuondoa mwiba wa mwingine ni ibada, basi kuuacha wa kwako tutauitaje?

Katika zama za karibu kuna kesi mashuhuri ya Uskoti. Mwaka 1928, mjini Paisley, Bibi Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo kisichoonyesha ndani. Alipokwisha kunywa sehemu, rafiki akammiminia iliyobaki, na kwa maelezo yake kukatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Akamshtaki mtengenezaji. Mtengenezaji alijitetea kwamba hana mkataba wowote na mama yule, hata hamjui. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba utetezi huo hautoshi. Yule ambaye ungeweza kutazamia kwamba tendo lako litamfikia ni jirani yako mbele ya sheria, hata kama hujapata kumwona. Na sheria yetu ya Tanzania imerithi msingi huo. Mimi nilikuwa nimemwona kijana wangu, nimempa jembe, nimemwonyesha mahali pa kuchimba kwa kidole changu mwenyewe.

Sababu ya tatu ilikuwa kwamba kila mtu hufanya hivyo. Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, maana mkoa wetu ungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania, watatu kwa idadi, walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Sisi tuliokuwa walimu miaka ile tulizika wenzetu, tukazika na wanafunzi wetu. Njia kuu ya maambukizi haikuwa sindano, na si vizuri kulisema lisilo kweli. Lakini tulijifunza mapema kuliko wengine kwamba damu ya mtu si kitu cha kuchezewa. Tena, mwezi wa Aprili 1994 karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Ngara katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa moja ya makambi makubwa kuliko yote duniani kabla watu hawajarejea Rwanda Desemba 1996. Tulijionea wakati ule jinsi maji machafu na taka za watu waliosongamana zinavyoweza kuua haraka. Na juzi tu, Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Biharamulo, na watu 10 walipoteza maisha kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Machi 13 mwaka huo huo. Mara tatu katika maisha yangu wilaya hizi mbili zimefundishwa somo lile lile kwa machozi.

Pamoja na hayo, nakumbuka katika miaka ile ya tisini niliwakuta watoto wa kijiji kimoja wakichezea bomba la sindano. Wamelijaza maji, wanarushiana, wanacheka. Nililichukua nikawakemea. Nikalitupa wapi? Kichakani, kama mita ishirini mbele. Nilikuwa nimewaondolea watoto wale mwiba, nikawapa watoto wengine.

Kusema kwamba kila mtu anafanya ni kusema kwamba hakuna wa kuanza. Chuoni tulikuwa na somo la afya, na humo palikuwa na mada ya taka. Nilisimama ubaoni nikaandika aina za taka, za kuoza na zisizooza na za hatari, na walimu wanafunzi wakanakili. Sikumbuki hata siku moja nimewauliza za nyumbani kwao huenda wapi. Wala wao hawakuniuliza za kwangu.

Sababu ya nne ni ya hesabu, nayo ina nguvu zaidi. Nilijiambia kwamba hatari yenyewe ni ndogo. Wataalamu wanasema kwamba mhudumu wa afya akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa kila 1,000. Sindano ya insulini ni nyembamba mno, tena iliyolala shimoni muda mrefu hatari yake kwa VVU hupungua zaidi. Lakini kwa homa ya ini aina ya B uwezekano unaweza kufika 30 kwa 100 kwa mtu asiyechanjwa, na virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi.

Tuseme hatari ni ndogo kweli. Ni nani mwenye haki ya kuikubali? Mtu akicheza kamari kwa fedha zake, akashindwa, tutamwita mjinga. Akicheza kwa fedha za jirani bila kumwambia, hata kama uwezekano wa kushindwa ni 3 kwa 1,000, tutamwita jina jingine, nalo halibadiliki hata akishinda. Faida ya kutupa ovyo niliipata mimi: niliokoa safari, niliokoa aibu, niliokoa bei ya kidumu. Hasara, kama ipo, itambebesha mtu ambaye hakuwa na neno katika shauri hilo. Nadhani huu ndio moyo wa jambo lote. Uzito wa kosa hili haumo tu katika ukubwa wa madhara, bali katika kuamua peke yangu juu ya mwili usio wangu. Na tazama ni nani hasa huangukiwa na kura hii. Ni kibarua, ni mtoto anayecheza jalalani, ni mzoa taka wa mjini, ni mama anayepalilia peku. Mwenye viatu na glavu hakutani na sindano yangu.

Sababu ya mwisho ni umaskini. Tutafanya nini, kisanduku cha manjano hatuna, na gari la taka halipandi vilima hivi? Hapa lazima tuseme kwa haki. Hakuna anayewajibika kwa lisilowezekana, na Serikali ina sehemu yake. Lakini mara nyingi tunataja umaskini mahali ambapo pamekosekana dakika tano. Kidumu kigumu cha mafuta ya kula au cha dawa ya kufulia, chenye mfuniko wa kuzungusha, kipo katika kila nyumba. Sindano itiwe humo mara tu baada ya kutumika, na aliyeitumia mwenyewe, asitumwe mtoto. Kidumu kikaribiapo robo tatu kifungwe, kizungushiwe utepe wa kunata, kiandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni sindano, kipelekwe kituo cha afya wanakochoma zao katika tanuri. Chupa ya maji ya kunywa haifai, kwa kuwa ni laini na mtoto akiiona anafikiri ni maji. Moto wa jikoni au wa shambani haufai, kwa kuwa huyeyusha bomba ukaacha chuma. Choo nacho hakifai. Hujaa, kikachimbwa kingine, na pale palipokuwa na cha zamani ukapandwa mgomba. Wafugaji nao wazingatie hayo hayo, maana sindano ya ng'ombe ni nene na hukaa na damu nyingi zaidi, nayo huachwa majanini bandani kana kwamba magonjwa ya mnyama hayamjui mtu.

Nimeahidi kurudi kwa paka, angalau nimejiahidi mwenyewe. Nilipomcheka nilikuwa sijui, au nilikuwa nimesahau, jinsi insulini ilivyopatikana. Mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering waliondoa kongosho la mbwa, na mbwa yule akapata kisukari. Kwa njia hiyo ikajulikana ugonjwa unatokea wapi. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kuwadunga mbwa wa namna hiyo maji yaliyotolewa katika kongosho za mbwa wengine, wakaona sukari inashuka. Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kufa, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Kwa hiyo mnyama mwenye kisukari alidungwa insulini kabla ya binadamu. Mke wangu yu hai kwa sababu ya mbwa wale. Na mwaka 1923 Banting, Best na mwenzao James Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi wao kwa dola moja moja tu, ili dawa isije ikamilikiwa na mtu mmoja.

Nikitafakari hayo naona jambo ambalo sikuliona kabla. Watu wale hawakumjua mke wangu. Hawakuijua Ngara. Walitenda kwa ajili ya wagonjwa ambao hawatawaona kamwe, na tendo lao likapita bahari na miaka mia likafika mezani kwetu asubuhi na jioni. Kila siku napokea wema kutoka kwa watu nisiowajua. Ni kwa hoja gani basi nitasema kwamba mtu nisiyemjua hanihusu? Deni hili hatuwezi kuwalipa waliotukopesha, kwani wamekwisha kufa. Tunaweza kuwalipa walio mbele tu: atakayechimba, atakayepalilia, atakayecheza. Binti wa kaka yangu alikuwa akimlipa mzoa taka wa mji wake kwa kutumia sindano za paka, wakati mimi, mkuu wa chuo mstaafu, namdai kibarua wangu.

Basi nalijibu swali langu la mwanzo hivi. Mwiba uliomdunga mwenzako ni wako, kama ulijua au ungeweza kujua kwamba mtu atapita pale. Wako si kwa sababu ulitaka aumie, bali kwa sababu ulikuwa mkononi mwako mara ya mwisho ulipoweza kuzuiwa. Aambiwe pole aliyechomwa. Aulizwe aliyeuacha, na afadhali ajiulize mwenyewe kabla ya kuulizwa na mhudumu wa kituo cha afya. Na akiulizwa, aseme mara moja. Kosa langu la kutupa sindano lilikuwa la kutojali. Kunyamaza kwangu siku ile, huku kijana akishika jembe tena na saa za dawa zikipita, kulikuwa kosa la pili, nalo lilikuwa la kujua.

Siku hizi kidumu chetu kinakaa juu ya kabati, mbali na wajukuu. Kila baada ya miezi kadhaa nakibeba ndani ya kikapu mpaka kituoni. Wakati mwingine tunaokutana njiani huuliza nimebeba nini, nami huwaambia; wawili kati yao wameanza kuleta vya kwao. Shimo lile la mpakani tuliliziba na jirani, tukaweka uzio, wala hatutalichimbua. Nimewaambia watoto wangu lililomo, na nimeandika katika daftari la shamba, ili hata nitakapokuwa sipo asije mtu akapeleka jembe pale.

Kijana hajarudi. Nikipita Kabanga, karibu na mpaka, huwa natazama mikono ya vibarua wanaovuka.